Kabla ya kulipia intaneti ya nyumbani, pima ukuta, anga na umeme

Intaneti ya nyumbani sasa inauzwa kwa njia tatu: faiba (waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga), ruta ya 5G na dishi la setilaiti. Wauzaji wote hunadi kasi: megabiti 50, 100, 200. Kasi iulizie mwisho. Anza na hali ya pale unapoishi, yaani kuta za nyumba, uwazi wa anga juu yako na umeme unaokufikia.

Faiba ikipita mtaani kwako, ichukue. Kazi yako ni kumsimamia fundi siku ya kufunga. Mwambie apime nguvu ya mwanga unaofika ndani ya nyumba. Ikiwa kati ya -15 na -24 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), mko salama. Ikikaribia -27, mwanga ni dhaifu na asiondoke, kwa sababu vumbi kidogo kwenye kichwa cha waya litatosha kuikata. Waya usikunjwe kwa kona kali, usibanwe na mlango. Kichwa cha kijani kisichomekwe kwenye tundu la bluu: cha kijani kimekatwa mshazari, cha bluu kimenyooka, na vikilazimishwa mwanga unapotea. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, kuzima na kuwasha ruta hakusaidii kitu. Mwanga haufiki kabisa, kwa hiyo piga simu.

Malalamiko mengi yako kwenye 5G, na mengi yanatibika bila gharama. 5G tunayouziwa kwa kawaida hupita kwenye masafa ya kati, kuanzia GHz 2.5 hadi 3.7. Masafa hayo hubeba data nyingi lakini hushindwa na vizuizi. Zege, mabati na vioo vya giza vyenye utando wa metali vyote huyapunguza. Ndiyo maana ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni hutoa kasi ya 3G kwa bei ya 5G.

Usitegemee taa za ruta peke yake. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Anwani iko kwenye kibandiko chini ya kifaa, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Tafuta vipimo viwili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -80 ni nzuri, -95 inavumilika, ikishuka kupita -105 tegemea matatizo. SINR ni usafi wa mawimbi dhidi ya kelele: 20 na zaidi ni nzuri sana, 10 inafaa, chini ya 5 utakasirika kila jioni. Kati ya hivyo viwili, iamini SINR zaidi. Ruta iliyo karibu na minara miwili inayogombana inaweza kuwa na RSRP nzuri na bado ikatambaa.

Sasa isogeze. Anza na dirisha linaloelekea mnara, ghorofa ya juu kama ipo, na usogeze nusu mita kwa wakati, ukisubiri dakika mbili kabla ya kusoma tena. Andika namba, usikisie. Halafu pima kasi saa mbili usiku hadi saa nne, watu wakiwa wamerudi nyumbani, maana mnara uliojaa hausaidiwi na mahali pazuri pa ruta. Saa nne asubuhi kila mtandao ni mzuri. Kama ndani hakuna kona inayofaa, omba kifaa cha nje, kinachofungwa ukutani au juu ya paa na kushusha waya mmoja wa mtandao unaobeba pia umeme.

Setilaiti ndiyo iliyobadilisha mengi vijijini. Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti iliyoanza Kenya mwaka 2023, hutumia setilaiti zilizo takriban kilomita 550 juu, wakati zile za zamani zilikaa karibu kilomita 36,000. Ndiyo maana sasa simu za video zinawezekana. Lakini uwezo wake kwa eneo moja una kikomo. Mwishoni mwa 2024 usajili mpya ulisimamishwa Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Mjini penye faiba, achana nayo.

Dishi linataka anga wazi kwa upana, pembe ya nyuzi 110 hivi. Kabla ya kununua, tumia programu yake ya simu kuskani anga pale pale litakapokaa. Jani la mnazi linaloyumba linatosha kukata simu ya video kwa sekunde kadhaa, kisha tena, na tena. Usikate matawi kwanza, inua dishi. Na usilipeleke nchi ambayo haijatoa leseni, kwa kuwa huduma inaweza kuzimwa ukabaki na chombo kisicho na kazi.

Upande wa umeme, hapa ndipo hesabu nyingi hukosewa. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina Wh (wati-saa) 1,200 kwenye karatasi, lakini ukishusha zaidi ya nusu unaiua, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo inakula sehemu yake. Tegemea saa tano au sita, si usiku mzima. Dishi dogo la Starlink Mini hula wati 25 hadi 40 na hupokea umeme wa DC, yaani wa aina ya betri, wa volti 12 hadi 48, kwa hiyo unaruka inveta.

Kwa faiba na 5G, UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inafaa, ila soma lebo. mAh 8,800 zinazoandikwa kwa kawaida huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, yaani Wh 32 hivi: saa mbili tu kwa kifaa cha wati 12. Angalia pia ampia. Ruta ya 5G yenye adapta ya 12V 2A ikipewa UPS ya 1A itajizima na kujiwasha kila inapopata mzigo. Na umeme wa gridi ukirudi kwa kishindo huunguza adapta. Kifaa kile kile cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa hapa pia.

Mwenye kamera za ulinzi anazotaka kuzitazama akiwa mbali ajue kwamba 5G na setilaiti kwa kawaida hazitoi anwani ya IP ya umma, ile inayofikika moja kwa moja kutoka nje, hivyo kufungua milango (port) kwenye ruta hakutafanya kazi. Nunua kamera zinazounganika kupitia seva ya mtengenezaji, au tumia VPN, yaani njia ya faragha inayopita juu ya intaneti.