Kipoza mafuta kwenye Impreza yenye turbo: pima kwanza, na usikifunge bila themostati

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue kipoza mafuta, yaani rejeta ndogo ya kupoza mafuta ya injini, chenye safu 25 za vijia vya mafuta, kwa ajili ya gari lako la Subaru Impreza WRX, kwa sababu kila unapokwenda Likasi unahisi injini inachoka kabla hujafika, na fundi wako amekuambia kwamba themostati, vali inayoyazuia mafuta yasiende kwenye kipoza kabla hayajapata joto, ni kupoteza fedha kwa kuwa Lubumbashi haina baridi. Nimefunga kipoza kwenye gari la aina hiyohiyo, nikakifungua, nikakifunga upya kwa namna nyingine, na katika suala la themostati sikubaliani na fundi wako hata kidogo.

Kitu cha kwanza kununua ni geji ya joto la mafuta. Geji iliyokuja na gari inaonyesha joto la maji tu, na maji yanaweza kutulia kwenye nyuzi 90 huku mafuta yamekwisha kupita 120. Nilifunga sensa, nikaendesha majuma mawili nikiandika ninachokiona. Mjini, hata katika joto la Oktoba, mafuta hayakuzidi nyuzi 100. Kwenye barabara ya Likasi, ambako unakanyaga eksileta hadi mwisho ili kulipita lori la shaba, unarudi nyuma ya lori jingine ambako hewa haiji vizuri, kisha unakanyaga tena, mafuta yalifika 128. Hapo ndipo niliporidhika kwamba kipoza kinahitajika. Geji yako isipopita 110, acha gari kama lilivyo.

Nasema hivyo kwa sababu mafuta yaliyopoa kupita kiasi nayo yanadhuru. Yanapaswa kufikia nyuzi 100 hivi mara kwa mara ili maji na petroli iliyopenya ndani yake vitoke kwa mvuke. Kwa upande mwingine, kanuni ya makadirio ya wahandisi ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya mafuta kuharibika hukaribia maradufu, na mafuta yaliyokuwa mepesi mno hayawezi tena kuzitenganisha beringi na krenkshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Mara ya kwanza nilifunga kipoza bila themostati. Ulikuwa mwezi wa Juni, asubuhi joto liko chini ya nyuzi 10, nami nilitoka mtaa wa Katuba hadi katikati ya mji mafuta yakiwa bado chini ya 70. Baada ya mwezi mmoja nilikuta utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia mafuta. Themostati inayokaa ndani ya bamba la sandwichi, lile linalofungwa kati ya injini na chujio, hufunguka kwenye nyuzi 80 hivi, na kabla ya hapo hupitisha mafuta kidogo tu kwenda kwenye kipoza. Gari lako pia huenda lina kipoza kidogo cha kiwandani kinachotumia maji ya rejeta. Usikiondoe, maana asubuhi ndicho kinachoyapasha mafuta joto. Funga bamba kati yake na chujio.

Kuhusu ukubwa, safu 19 zinakutosha endapo hewa inazifikia. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hivyo kila pumzi ya hewa inayopita ina thamani. Tengeneza njia ya bati jembamba kutoka kwenye tundu la bampa hadi kwenye kipoza, na hakikisha hewa ina pa kutokea nyuma. Viungio vya mipira inayopitisha mafuta vielekee juu. Vikielekea chini, hewa itanaswa ndani.

Sasa sikiliza kwa makini habari ya nyuzi za viungio, yaani mikato ya skrubu, si nyuzi za joto, kwani hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Viungio vya kipimo kiitwacho AN-10 vina kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2, na nyuzi 14 kwa inchi. Vipoza vingine vina M22, yaani kipenyo cha milimita 22, yenye hatua ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi. Tofauti ya kipenyo haionekani kwa macho, kiungio kinaingia mizunguko miwili, kisha spana inakata nyuzi za alumini, na kipoza kipya kimekufa. Kikianza kukaza mapema, kitoe ukipime.

Mipira ndiyo iliyonitia hasara. Fundi wa kwanza aliupitisha mmoja kwenye ukingo wa chuma bila kuufunga kwa klampu, ukasuguliwa taratibu hadi ukatoboka nikiwa narudi kutoka Likasi. Taa ya geji ya presha ya mafuta iliwaka, nikazima injini papo hapo, na hilo tu ndilo lililoiokoa. Chini ya injini hii chujio limezungukwa na mabomba ya ekzosi, kwa hiyo kila mpira uvalishwe soksi ya kuzuia joto, ufungwe kila baada ya sentimita 20 hivi, na uachiwe nafasi ya kucheza injini inapotikisika.

Baada ya kufunga, jaza mafuta ndani ya kipoza kabla ya kuunganisha mpira wa mwisho. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, zungusha stata kwa sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka presha ionekane, ndipo uwashe. Kisha endesha hadi themostati ifunguke, simama mahali tambarare, na upime mafuta kwa kijiti tena. Mimi niliongeza lita 0.7 hapo, ingawa karakana ilikuwa imesema kiwango kimetimia.

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huziba mapezi ya kipoza. Kioshe kila mwezi kwa maji ya presha ndogo, ukielekeza maji kutoka nyuma kuja mbele, maana pampu za kuoshea magari hupinda mapezi hayo mara moja.