Kilmurry si Moja: Kabla Hujalipia Safari ya Kutafuta Mizizi Ayalandi

Mama mkwe wangu alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande katika makaburi ya Kilmurry, kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi. Aliweka kiganja juu ya jiwe lenye jina la ukoo wa nyanya yake, akalia. Alikuwa na miaka 74, na siku hiyo alikuwa ameingoja tangu utotoni. Mwongozaji wetu alisimama nyuma yetu akitazama saa, kwani basini kulikuwa na watu wengine zaidi ya 30 waliotaka kuwahi magenge ya bahari ya Cliffs of Moher kabla ya chakula cha mchana.

Miezi mitano baadaye, tukiwa tumerudi kwetu Lowell, Massachusetts, niligundua kwamba ile haikuwa Kilmurry yetu.

Clare ina Kilmurry zaidi ya moja. Jina lenyewe ni Cill Mhuire kwa Kiayalandi, yaani kanisa la Maria, na katika nchi ya Wakatoliki makanisa ya Maria hayahesabiki. Kilmurry Ibrickane iko pwani ya Atlantiki. Kilmurry McMahon iko kusini, upande wa mto Shannon. Tulipelekwa ile ya kwanza, na watu wa mama walitoka ya pili. Kampuni iliyotuuzia "safari ya mizizi" tuliipa jina la ukoo na neno moja tu, Kilmurry, nayo ikachagua iliyokuwa njiani. Siku nilipomweleza mama, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nililia kwenye kaburi la nani?"

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike. Hapa Lowell Wakenya tuko wengi, na baadhi yetu tumeolewa au kuoa katika familia zenye asili ya Ayalandi. Mji huu wenyewe, Waayalandi walikuja kuuchimbia mifereji ya viwanda mwaka 1822. Kila mara kuna mtu ananiuliza: wakwe zangu wanataka kwenda Ayalandi kutafuta kwao, tuanzie wapi? Jibu langu siku zote ni hili: msilipie safari yoyote kabla hamjapata jina la kitongoji.

Kitongoji ndicho wanachokiita townland. Kisiwa kina kaunti 32, chini yake kuna parokia, na chini kabisa kuna hivi vieneo vidogo, zaidi ya 60,000, vingine vyenye nyumba chache tu. Huko ndiko mtu anakojulikana. Ukifika Clare ukasema unatafuta watu wa jina fulani, ni sawa na Mmarekani ashuke Murang'a aseme anatafuta watu wa Kamau. Utamuuliza: Kamau yupi, wa kilima kipi, mtoto wa nani? Hata mwongozaji mwenye moyo mwema hawezi kukusaidia bila jibu la swali hilo. Na mara nyingi jibu haliko Ayalandi. Liko upande wako wa bahari, kwenye karatasi za aliyehama.

Kwetu sisi lilikuwa kwenye orodha ya abiria. Nyanya yake mama alipanda meli Queenstown, bandari inayoitwa Cobh siku hizi, akashuka Boston mwaka 1908 akiwa na miaka 20. Ilikuwa bahati yetu kwamba alisafiri mwaka huo, kwa sababu tangu 1907 fomu za Marekani zilimtaka kila mgeni ataje jamaa wa karibu aliyebaki nyumbani na mahali anapoishi, na pia mahali alipozaliwa. Kwenye mstari wake karani ameandika baba yake, halafu neno ambalo tulilisoma usiku kucha bila kulielewa. Karani aliandika alivyosikia kwa sikio lake, na yule binti alitamka kama walivyotamka kwao. Tulilikuta hatimaye kwenye logainm.ie, hifadhi ya majina ya mahali Ayalandi, ambayo ni bure, baada ya kujaribu herufi moja moja. Jina la kitongoji hicho sitalitaja hapa, kwa sababu bado wapo watu wanaoishi pale.

Kama mhamiaji wako alisafiri kabla ya hapo, orodha za zamani hazitakupa mengi. Tafuta kwingine: kitabu cha ndoa cha kanisa alilofungia ndoa Marekani, karatasi za uraia, tanzia kwenye magazeti, jiwe la kaburi (Waayalandi wengi waliandikiwa parokia ya kwao juu ya jiwe). Gazeti la Kikatoliki la Boston, The Pilot, lilichapisha matangazo ya waliopoteana na ndugu zao tangu 1831 hadi 1921. Tangazo moja linaweza kutaja kaunti, parokia, kitongoji na meli kwa pamoja. Nimesoma mamia, na sikuweza kuyasoma haraka. Ni mke anamtafuta mume, ni kaka anamtafuta dada.

Na kabla ya yote hayo, kaa na wazee. Washa simu irekodi, tengeneza chai, acha waongee. Shangazi yake mume wangu ndiye aliyekumbuka kwamba nyanya huyo alipokuwa akisimulia "kwenda mjini" alimaanisha Kilrush, mji ulio kusini, upande wa mto Shannon. Neno hilo moja lingetosha kutuonyesha kwamba Kilmurry ya pwani siyo, lakini tulimuuliza baada ya safari. Shangazi hajui ni machozi mangapi angetuepushia, na kosa si lake, ni letu sisi ambao hatukumuuliza mapema.

Ukishapata kitongoji, mlango unafunguka. Sensa za 1901 na 1911 ziko wazi kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi bila malipo, na unaona karatasi yenyewe ya familia. Ile ya 1901 nimeichapisha, imetundikwa ukutani kwetu. Baba wa nyumba, miaka 60, mkulima, na kwenye safu ya lugha: Kiayalandi na Kiingereza. Watoto wote wameandikwa wanajua kusoma na kuandika. Yeye hakujua, na chini ya fomu ameweka alama ya msalaba mahali pa sahihi. Nyanya yake mama ni mstari wa tano, miaka 13, mwanafunzi. Kuna fomu nyingine ya nyumba yenyewe: kuta za kudumu, paa la nyasi au mbao, vyumba kati ya viwili na vinne, madirisha mawili mbele. Mama alipoiona alihesabu waliolala humo usiku wa tarehe 31 Machi 1901. Tisa.

Angalia umri kwa makini. Kwenye sensa ya 1911 baba huyo huyo ana miaka 74. Usidhani ni mtu mwingine. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika miaka 70, na watu wengi waliozaliwa kabla ya vyeti vya serikali walijikuta wamezeeka haraka. Vizazi vyote vilianza kusajiliwa na serikali mwaka 1864, na rekodi hizo za zamani zinapatikana bure kwenye irishgenealogy.ie.

Nyuma ya hapo giza linaingia, na ni vizuri mkwe wako alijue hilo mapema asije akadhani unamficha kitu. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa pale Four Courts, Dublin, liliungua. Karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 ziliteketea, pamoja na vitabu vingi vya Kanisa la Ayalandi, yaani la Kianglikana. Sensa za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Kilichookoka ni vitabu vya parokia za Kikatoliki, kwa kuwa vilikaa makanisani. Maktaba ya Taifa iliviweka mtandaoni mwaka 2015, bure, hadi karibu mwaka 1880. Vimeandikwa kwa mkono, mara nyingi kwa Kilatini, na vijijini vingi havivuki nyuma ya miaka ya 1820 au 1830. Baada ya hapo kuna orodha ya wapangaji wa ardhi ya Griffith, ya 1847 hadi 1864, ambayo inakuonyesha hadi kipande cha shamba kwenye ramani.

Hapa niliwasaidia kwa kitu ambacho hawakukijua. Sisi Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu wa upande wa baba, wa pili wa upande wa mama. Waayalandi wa zamani wengi walifuata desturi hiyo hiyo! Kwa wasichana wao walianza na nyanya wa upande wa mama, tofauti na sisi. Desturi haikuwa sheria, lakini nilipoyapanga majina ya watoto wa ile sensa kwa mfuatano wa kuzaliwa, nilisema babu zao ni fulani na fulani kabla hatujafungua kitabu cha ubatizo. Mmoja nilimpata sawasawa. Mume wangu alinitazama kana kwamba nimeagua.

Sasa, mwongozaji. Safari za basi la kundi ni nzuri kwa kuiona nchi, na sina neno baya juu yake kama ndicho unachotaka. Kwa mizizi, chukua mtu wa kaunti hiyo, kwa siku moja au mbili, gari dogo, familia yenu tu. Kabla ya kulipa muulize: utapitia karatasi zangu kabla sijafika? Unamjua nani kwenye parokia ile? Siku ya shamba, utaomba ruhusa ya mwenye shamba? Anayejibu kwa kukuonyesha ratiba ya hoteli, mwache. Ukihitaji mtafiti wa nasaba, chama cha Accredited Genealogists Ireland kina orodha ya wanachama wake. Wapo pia wa kujitolea wa Ireland Reaching Out wanaowaunganisha wageni na wenyeji wa parokia. Clare yenyewe ina kituo cha nasaba kule Corofin, na maktaba ya kaunti imeweka rekodi nyingi mno mtandaoni. Na ukiuziwa "nembo ya ukoo" kwenye fremu, kama tulivyouziwa sisi, jua kwamba kisheria nembo hutolewa kwa mtu, haiwi ya kila mwenye jina hilo.

Wenzangu wenye pasipoti ya Kenya: Ayalandi inataka viza, na kadi ya kijani ya Marekani haikuondolei haja hiyo. Haimo kwenye Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Ukivuka kwenda Belfast kwenye PRONI, hifadhi ya kumbukumbu ya Ayalandi ya Kaskazini, barabarani hutaona kizuizi, ila umeingia Uingereza na sheria zake za viza. Mama, kwa kuwa nyanya yake alizaliwa Ayalandi, ana haki ya kuomba uraia kupitia rejista ya waliozaliwa nje. Mume wangu hana, kwa vile mama hakujiandikisha kabla hajamzaa.

Tulirudi Mei ya mwaka uliofuata, watatu tu. Mwongozaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa huko huko, na sauti yake ilinirudisha shuleni kwa masista wa Loreto waliotoka Ayalandi. Alitupeleka kwanza Kilrush, makaburi ya zamani ya Shanakyle, walikozikwa kwa pamoja watu wa njaa kuu iliyoanza viazi vilipooza mwaka 1845. Katika wilaya ile maelfu walifukuzwa mashambani kati ya 1847 na 1850, na nyumba zikabomolewa ili wasirudi. Nyanya yangu mimi alibomolewa nyumba mwaka 1954 akahamishiwa kijiji cha dharura, wakati wa vita vya Mau Mau. Nilisimama pale nikakosa la kusema.

Kwenye makaburi ya parokia mwongozaji alitukataza kusugua mawe au kuyapaka chaki. Alishika tochi ubavuni mwa jiwe, na herufi zilizokuwa hazionekani zikajitokeza kwa kivuli chake. Beba tochi, na vaa gambuti, maana nyasi ni ndefu na mvua haipigi hodi.

Halafu shamba. Mwenyewe, mzee wa miaka 80 na kitu, alitungoja langoni na mbwa wake. Nyumba haipo. Kuna kuta hadi kiunoni, na mahali pa meko pamejaa thabai, mimea ya majani yanayowasha, zile zile tunazopika kwetu. Mama hakulia safari hii. Alitoa ile karatasi ya 1908 na kumwonyesha mzee neno la karani, akalisoma kama sisi tulivyokuwa tukilisoma. Mzee alitabasamu, akalitamka jina la kitongoji chake. Mama akarudia. Mzee akalitamka tena, polepole zaidi. Mara ya tatu mama alipolisema, mzee akaitikia kwa kichwa, kisha akamshika mkono kumwonyesha mlango ulipokuwa.