Muulizeni mwalimu: mtoto wangu atafanya karatasi zipi?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mtoto anayehamia shule ya mtaala wa Uingereza, mzazi wake ajue nini mapema?" Jibu langu ni moja: ajue mtoto atafanya karatasi zipi za mtihani, na alijue hilo kabla mtoto hajaingia Year 10. Mengine, kama ada, sare na bwawa la kuogelea, yanajieleza yenyewe. Hili la karatasi halijielezi, na nusura limharibie binti yangu.

Binti alitoka shule ya mtaala wetu hapa Dar es Salaam akiwa darasa la sita, na umri wa miaka 12. Shule mpya ya mtaala wa Uingereza wakamweka Year 8. Bibi yake akapiga simu kutoka Moshi kumshukuru Mungu kwamba mjukuu amerushwa madarasa mawili. Hakurushwa. Uingereza mtoto huanza Year 1 akiwa na miaka 5, na shule hizi huwapanga watoto kwa umri waliofikisha tarehe 31 Agosti, bila kujali sana darasa walilotoka. Ukitaka kuelewa, hesabu kuanzia mwishoni: Year 11 ni kama kidato cha nne chetu, Year 13 ni kidato cha sita. Wala tusiuogope mtaala huu kama kitu kigeni kabisa. Wazee wetu walifanya mitihani ya Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, hapahapa. Tanzania ilijitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, baraza letu wenyewe, NECTA, likaanzishwa mwaka 1973, lakini kidato cha nne na cha sita tukabaki navyo mpaka leo. Mitaala hii miwili ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba tofauti.

Year 7 hadi Year 9 mtoto anasoma karibu kila kitu. Year 10 ndipo anaingia kozi ya miaka miwili ya IGCSE, mtihani ambao Cambridge waliuanzisha mwaka 1988 kwa ajili ya wanafunzi walio nje ya Uingereza.

Ripoti ya kwanza ya Year 10 ilikuja Desemba. Hisabati: C. Pembeni, kwa herufi ndogo, neno "Core". Nilifurahi, maana kwa matokeo ya kidato cha nne tuliyoyazoea, C ya hisabati ni ya kutembea kifua mbele. Nikamwonyesha dada mmoja tunayefanya naye kazi ambaye mwanawe alishapita huko. Akaisoma, akaniuliza, "Anataka kusomea nini?" Nikamwambia uhandisi. Akanirudishia karatasi. "Dada, kwa njia hii hafiki. Hiyo C ndiyo dari."

Nilikuwa sijui. Hisabati ya IGCSE ya Cambridge ina njia mbili. Anayefanya Core anapewa karatasi zenye maswali mepesi zaidi, na daraja la juu analoweza kupata ni C. Hata akipata maswali yote, cheti kitaandikwa C. Anayefanya Extended ndiye mwenye nafasi ya B, A na A*. Shule ya binti yangu ilitaka angalau B ili mtoto aruhusiwe kusoma hisabati ya A Level, yaani ngazi ya Year 12 na 13, na bila hisabati ya A Level uhandisi ni ndoto. Kumbe mwanangu alikuwa amefungiwa mlango akiwa na miaka 14, na mimi nyumbani nampongeza.

Nilikwenda shuleni kesho yake. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alinitolea mtihani wa kupima uwezo ambao binti aliufanya wiki ya kwanza alipofika. Sitausahau ukurasa ule. Swali lilichora umbo, likasema: onyesha kwamba eneo lake ni sentimita za mraba 48. Alama 3. Binti alikuwa ameandika "48" na kuipigia mstari chini. Alikokotoa kichwani, akaona ni kweli, akaendelea. Kwao swali la "onyesha" linataka hatua, jibu wameshakupa. Akapata sifuri. Mtoto aliyekuwa wa tatu kwa hesabu darasani kwake aliwekwa Core kwa sababu hakujua wanachokitaka.

Hapo ndipo nilipoanza kukaa naye jioni na mitihani ya miaka iliyopita, ambayo mingi inapatikana bure mtandaoni pamoja na miongozo ya usahihishaji. Mimi ni mhasibu, biolojia niliiacha kidato cha nne, lakini mwongozo ule mzazi yeyote anausoma. Unaona kabisa alama ya kwanza ni ya nini na ya pili ni ya nini. Kila swali lina alama zake kwenye mabano ya mraba pembeni: [1] maana yake neno moja au sentensi fupi, [4] maana yake mambo manne. Binti alikuwa anajaza nusu ukurasa kwa [1], kisha muda unamwishia kwenye [6].

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwenye vitenzi. "Describe" na "explain", kwa Kiswahili yote mawili tunasema "eleza". Kwenye jiografia alipewa grafu ya mvua akaambiwa "describe". Akaandika vizuri sana habari za pepo za masika na joto la bahari, hakuambulia kitu. Walitaka aseme anachokiona tu: mvua inapanda kuanzia Februari, kilele Aprili, kisha inashuka. Sababu zinatolewa kwenye "explain". Tulibandika maneno hayo kwenye mlango wa friji, na pembeni ya kila moja binti akaandika kwa maneno yake linataka nini.

Usajili wa mtihani wa Mei na Juni hufungwa mapema mwaka huohuo, kwa hiyo kila mwezi ulikuwa na thamani. Baada ya mtihani wa majaribio wa Year 11 walikubali kumsajili Extended. Alipata B. Nililia jikoni.

Kuhusu A Level nitasema kidogo. Hakuna tahasusi, ile michanganyiko ya masomo iliyopangwa tayari ya kidato cha tano na sita. Mtoto anachagua masomo, kwa kawaida matatu, na hakuna PCM wala HGL ya kumlinda asichanganye vibaya. Uhuru huo ni mzuri kwa mtoto anayejua aendako. Asiyejua anaweza kuchagua fizikia, sanaa na historia, halafu akakuta udaktari umeshampita, maana bila kemia vyuo vingi havimpokei. Na kama mnatarajia arudi chuo cha nyumbani, vyeti hivi hupelekwa NECTA kupata ulinganifu, basi mfikirie milango yote miwili tangu mwanzo.

Muulize mwalimu pia ni bodi gani ya mitihani. Cambridge kwa kawaida hutoa herufi, Pearson Edexcel hutoa namba 9 hadi 1, na 9 ndiyo ya juu. Sisi tuliozoea pointi 7 kuwa ndiyo kilele cha daraja la kwanza tunachanganyikiwa haraka.

Na Kiswahili, jamani. Kipo kwenye masomo ya IGCSE ya Cambridge, lakini fomu ya shule yetu ilikuwa na Kifaransa na Kihispania tu. Inaniuma. Mtoto anamaliza miaka sita akiandika insha nzuri za Kiingereza, na barua ya kumwandikia bibi yake inamshinda. Tulikuwa wazazi saba tulioandika kuomba somo hilo, bado tunasubiri mwalimu.

Mdogo wake binti sasa yuko Year 9. Fomu ya kuchagua masomo iko mezani, inatakiwa Ijumaa. Kwenye hisabati nimeandika kwa kalamu nyekundu, nje ya kisanduku: "Core au Extended? Karatasi zipi? Naomba jibu kwa maandishi." Kwenye lugha nimefuta Kifaransa, nimeandika Kiswahili.

Mama wa wawili, Dar es Salaam