Jibu: Kwa nini North Melbourne walishika mkia 2022 lakini wakachagua wa tatu?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini North Melbourne, waliomaliza mwisho mwaka 2022, walimpata mchezaji Harry Sheezel katika zamu ya 3 ilhali drafti (zoezi la klabu kuchagua wachezaji vijana kwa zamu) ya AFL, ligi ya kandanda ya Australia, hufuata msimamo wa ligi uliogeuzwa, yaani wa mwisho huchagua kwanza. Mimi huangalia kwanza mabadilishano, kwa kuwa klabu huweza kubadilishana zamu: North waliwapa klabu ya GWS zamu ya 1, wakapata ya 2 na ya 3. Kisha huangalia kanuni ya baba na mwana, inayoipa klabu haki ya kumchukua mtoto wa mchezaji wake wa zamani hata klabu nyingine ikimtaka: North walipomtaka Will Ashcroft, Brisbane, ambako baba yake alicheza, walilipia pointi (thamani iliyowekwa kwa kila zamu) kwa zamu zao za chini wakamchukua wa 2, na waliofuata wote wakasogezwa nyuma, hivyo zamu ya 2 ya North ikawa ya 3, jambo ambalo kwangu si haki kwa klabu dhaifu.