Gitaa la Kihawaii lililogeuzwa: kagua haya kabla hujatoa hela

Mkuu, umesema kuna mtu Upanga anauza gitaa la Kimarekani la miaka ya 1930, lilikuwa la kupigwa Kihawaii na "limeshageuzwa" kuwa la kawaida, na unauliza kama bei yake ni halali. Mimi ninalo la aina hiyo, nalipiga mpaka leo, na nimekagua mengine kwa ajili ya jamaa zangu. Bei huwezi kuijua kabla hujajibu swali moja: kazi ya kuligeuza ilimalizwa au iliishia nusu? Mengi niliyoyashika yaliishia nusu.

Kihawaii gitaa hulazwa mapajani, nyuzi zikiwa juu sana, na mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzikandamiza. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku wa Hawaii. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka 1915 Wamarekani wakaupenda sana mtindo huo, na kampuni kama Martin na Gibson zikatengeneza magitaa yake maalumu. Kwa kuwa chuma hakishuki mpaka kwenye freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, freti zilisawazishwa na ubao wa shingo, au zikawa mistari tu ya kumwonyesha mpigaji mahali pa noti. Mfupa wa kichwani, unaobeba nyuzi pale shingo inapoanza, ulikuwa mrefu. Ule wa kwenye daraja, yaani kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, uliwekwa umenyooka, haukulazwa mshazari kama ulivyo kwenye gitaa lako la sasa.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapokatia kazi. Wanashusha mfupa wa kichwani, wanaweka freti za kweli, halafu mfupa wa kwenye daraja wanauacha umenyooka, maana kuziba mfereji wa zamani na kuchonga mpya ni kazi ya subira. Gitaa la namna hiyo likipigwa karibu na kichwa linasikika safi. Panda juu ya shingo uone nyuzi nene zinavyokimbia na kupanda sauti. Kujua ni rahisi: gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza, itoke ile sauti ya kengele, halafu ukandamize uzi huohuo kwenye freti hiyohiyo. Noti hizo mbili zilingane. Tumia programu ya kutyuni kwenye simu, usitegemee sikio lako ukiwa sebuleni kwa mwenye mali. Futi ya fundi nguo nayo inasaidia: umbali wa kutoka freti ya 12 hadi mfupa wa daraja unapaswa kuzidi ule wa kutoka kichwani hadi freti ya 12, kwa kama milimita 2 upande wa uzi mwembamba na 4 au 5 upande wa uzi mnene. Ziada hiyo ikiwa sawasawa pande zote mbili, daraja halijaguswa.

Sasa shingo, na hapa naomba uwe makini kuliko mahali pengine popote. Gitaa lolote la umri huo limevutwa na nyuzi kwa miongo mingi, shingo inainama mbele kidogokidogo. Mpigaji wa gitaa la kawaida angelalamika mapema kwamba nyuzi zimekuwa juu. Mpigaji wa Kihawaii alizitaka juu, kwa hiyo kasoro ilikua bila mtu kuihisi. Siku ya kugeuzwa ndipo inapojitokeza, na fundi mwenye haraka anaificha kwa kuparua daraja lenyewe mpaka linakuwa jembamba. Angalia daraja kwa ubavuni. Ukiona ni jembamba na mfupa umechungulia kidogo tu, sauti imeshapungua nguvu na hakuna tena nafasi ya kushusha nyuzi. Laza rula ndefu ya chuma juu ya freti, uisukume mpaka kwenye daraja. Ncha yake ifike usawa wa juu wa daraja. Ikigonga chini ya hapo, shingo inahitaji kuvuliwa kwa mvuke na kupangwa upya, na kwa hapa Dar wanaoiweza kazi hiyo kwa gitaa la zamani ni wa kuhesabu. Gharama hiyo itoe kwenye bei, yote.

Chunguza pia nyuma ya shingo. Mengi yalikuwa na shingo ya mraba, nene, bila chuma cha kurekebisha ndani, na unene wenyewe ndio ulioipa nguvu. Ikishachongwa iwe ya mviringo inaweza kupinda. Bana uzi kwenye freti ya 1 na ya 12 kwa pamoja uone nafasi iliyobaki katikati: ya unene wa karatasi ni nzuri, ya unene wa sarafu ni tatizo. Na kama ni Weissenborn, chapa ya zamani ya magitaa ya Kihawaii, yenye shingo iliyo wazi ndani, hiyo haikupaswa kugeuzwa kabisa. Achana nayo.

Kuna mazuri ambayo magitaa mengine ya umri huo hayana. Ubao wa shingo mara nyingi haujaliwa na vidole, na shingo ni pana. Kwa anayepiga kwa vidole, upana huo ni raha tupu. Ila kama wewe ni mpigaji solo wa dansi, unayeishi juu ya shingo, jua kwamba mengi yanakutana na mwili kwenye freti ya 12, huko juu mkono utakwama.

Unyevu wa pwani yetu hauna huruma na gundi ya ngozi waliyotumia. Gonga ubao wa mbele kwa kifundo cha kidole, sehemu kwa sehemu. Ukisikia mtetemo mkavu, kuna ubavu wa ndani, yaani kijiti cha mbao kinachoimarisha ubao, umeachia. Ingiza kioo kidogo na taa ya simu kwenye tundu, tafuta pia unga wa wadudu. Baada ya kulinunua usiliache ndani ya gari juani.

Mfupa ukihitaji kubadilishwa, usikutishe. Wa ng'ombe unatosha kabisa, na daraja jipya la mpingo linaweza kuchongwa hapahapa kwa fundi mwenye mkono mzuri. Mimi langu ni la mpingo na ningelichagua tena.

Kama daraja lina mshazari, shingo iko sawa na mbavu zimeshika, mpe bei ya gitaa zuri la kupigia, lakini usilipe bei ya gitaa ambalo halijaguswa tangu kiwandani, kwa sababu limeguswa. Kama kazi iliishia nusu, mwambie wazi ulichokiona na umkatie gharama za kuimalizia. Ukienda, piga picha ya daraja kwa ubavuni na ya nyuma ya shingo, ziweke hapa tuzitazame kabla hujatoa shilingi.