Anza na Mchoro wa Penseli Kabla ya Picha ya Gazetini

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi wangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, kwa kutumia picha zilizochapishwa katika gazeti la Harper's Weekly, nikiamini kwamba nawaonyesha kile alichokiona mchoraji. Nilikosea, na ningependa mwalimu mwenzangu asirudie kosa hilo.

Magazeti ya wakati ule hayakuwa na uwezo wa kuchapa fotografia, na kamera zenyewe hazikuweza kunasa watu wanaokimbia, hivyo vita viliwafikia wasomaji kupitia mikono ya watu kama Alfred Waud, mzaliwa wa London aliyeandamana na Jeshi la Potomac, jeshi kubwa la upande wa Kaskazini, yaani wa serikali ya Marekani, tangu 1861. Waud alichora kwa penseli, karatasi ikasafirishwa hadi New York, na huko mafundi wakainakili juu ya ubao mgumu ulioungwa kwa vipande, kila mmoja akachonga kipande chake ili kazi iwahi kuchapwa. Aliyechonga hakuwa ameisikia hata risasi moja ya siku ile. Palipokuwa na mstari wa wasiwasi, aliweza kuweka mstari safi.

Kwa hiyo nakushauri uingie katika tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako michoro ya Waud na ya Edwin Forbes, mchoraji mwenzake wa vita, iliyotolewa zawadi na mwenye benki J. P. Morgan mwaka 1919, inatazamwa bure. Pakua nakala iliyo kubwa kuliko zote, uikuze, uipitie pembe kwa pembe, na usome maneno ambayo mchoraji mwenyewe ameyaandika kwa mkono.

Mimi nilibadilishwa na mchoro mmoja wa mapigano ya Wilderness, eneo la msitu huko Virginia, wa Mei 1864. Mapigano yaliwasha moto majani makavu na vichaka, na majeruhi walioshindwa kujiburura wakaungua humo wangali hai. Waud amewachora askari wakimtoa mwenzao msituni juu ya blanketi lililotandazwa kwenye bunduki, maana machela hapakuwa. Nilipouweka mbele ya darasa sikusema neno kwa dakika kumi, na hili nalo nakusihi ulifanye, kwa kuwa maelezo yakitangulia, macho huacha kutafuta. Msichana mmoja akauliza ni nani aliyebaki nyuma ya moshi ule. Kwa miaka yote niliyotumia picha za gazetini, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Ukishafika hapo, waulize pia mchoraji alisimama upande gani. Waud na Forbes walikuwa na majeshi ya Kaskazini. Ukitaka kuona Kusini, tafuta kazi za Frank Vizetelly, Mwingereza aliyelichorea gazeti la Illustrated London News akiwa kwa Wakonfederati, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Picha iliyochapwa itoe mwishoni kabisa, uiweke kando ya penseli, na wanafunzi waonyeshe kwa kidole kila kilichobadilika.