Mdogo wako anyonyeshe, na mama mkwe aambiwe kabla ya kujifungua

Dada uliyeuliza, umeandika kwamba mdogo wako ana mimba ya miezi sita, amepimwa kliniki hapa Tanga akakutwa na VVU, ameshaanza dawa, na sasa anafikiria kumlea mtoto kwa maziwa ya kopo ili kumkinga, huku akimficha mama mkwe wake ambaye wanaishi naye nyumba moja Makorora. Ninakujibu nikiwa mama niliyezaa mara mbili nikiwa na virusi hivyo, katika nyumba moja ya Ngamiani, mama mkwe akiwa yuleyule, na matokeo yakawa mawili tofauti.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2005. Kinga niliyopewa wakati ule ilikuwa kidonge kimoja cha nevirapini uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa dawa ya maji mara moja tu baada ya kuzaliwa. Niliagizwa nimnyonyeshe ziwa peke yake. Sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu, kwa kuogopa kurudishwa kwetu Pangani. Arobaini yangu ikapita kama ya mzazi yeyote wa pwani: mimi nimelala ndani, bibi ndiye mwenye mtoto. Alimlambisha asali, alimpa maji ya vuguvugu tumbo lilipomsokota, alimnywesha kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwenye sahani, alipokuwa akishtuka usiku, na mwezi wa tatu akamkorogea uji kwa madai kwamba maziwa yangu hayamshibishi. Kila nilipotaka kumzuia nilijiuliza nitatoa sababu gani, nikanyamaza. Mtoto aligundulika ana VVU akikaribia miaka miwili, baada ya kuharisha kusikokoma.

Siwezi kuapa kwamba virusi viliingia kwa njia ile, kwa sababu huweza kupita tangu mimba au wakati wa kujifungua. Nilichokuja kuelezwa baadaye ni kwamba utumbo wa mtoto mchanga ni mwororo, na maji na vyakula huuchubua, hivyo virusi vilivyomo katika maziwa ya mama hupata upenyo. Kwa hiyo kuchanganya ziwa na uji katika miezi sita ya kwanza ni hatari zaidi kuliko ziwa peke yake. Ama maziwa ya kopo, yanahitaji fedha isiyokatika, maji safi na vyombo vya kuchemshwa mchana na usiku, na katika mitaa yetu kopo lenyewe hutangaza kile ambacho mama alitaka kukificha.

Mambo yalibadilika sana tangu mwaka 2013, ilipoamuliwa nchini kwamba kila mjamzito mwenye VVU aanze dawa mara moja na aendelee nazo maisha yake yote. Pasipo kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa na mama zao. Mama akimeza dawa ipasavyo na mtoto akapewa zake, idadi hushuka chini ya 5. Mdogo wako aulizie kipimo cha wingi wa virusi, kwa kuwa ndicho kitakachoonyesha kama dawa inafanya kazi, na asiikatishe hata siku moja kwa sababu ya wageni au safari.

Nilipopata mimba ya pili, mwaka 2015, mume wangu alikwishajua. Mwezi wa saba wa mimba tulimketisha mama yake pamoja na mshauri wa kliniki, tukamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, “Na yule mkubwa, ni mimi?” Nilimjibu kwamba hakuna ajuaye, na kwamba aliyenyamaza ni mimi. Najua si kila mkwe ni wa kuambiwa. Palipo na vipigo au vitisho, mdogo wako aanze na mshauri wa kliniki, na amwachie yeye amwelekeze njia ya kufuata. Lakini anayemshika mtoto siku hizo arobaini akiwa hajui, agizo la kliniki haliwezi kufuatwa.

Mtoto wa pili hakuonjeshwa hata tone la maji kwa miezi sita. Jirani alipoleta kombe, bibi alilipokea kwa adabu akalinywa mwenyewe. Dawa ya maji ya nevirapini tulimpa kila siku kwa wiki sita, na saa ya kumpa alikuwa akinikumbusha yeye.

Jambo la mwisho ulilouliza ni lini atajulikana yu salama. Kipimo cha kwanza ni cha damu ya kisiginoni, wiki ya nne hadi ya sita, na asisubiri zaidi kwa kisingizio cha arobaini. Cha kuhitimisha ni miezi 18, akiwa ameshaachishwa ziwa, kwa kuwa kabla ya hapo kipimo cha kawaida huweza kuonyesha tu kinga za mwili alizorithi mtoto kwa mama, si virusi vyake mwenyewe. Sisi tulikwenda siku ya 42 kwa bajaji, na bibi ndiye aliyempakata.